Picha ya Mkwe Aliyeko Amerika

Temeke, 9 Oktoba 1955

Mdogo wangu Leodegar,

Salamu kwanza, ugomvi baadaye. Sie huku wazima. Shemeji yako kikohozi kimemwachia, ila ukarani haujamwachia, anarudi jioni macho mekundu. Mama kule Umatengo kamwambia padre atuandikie kwamba kahawa imezaa vizuri na mguu haumsumbui tena. Anayemsumbua ni wewe, humwandikii. Margareta wangu kang'oka jino la mbele, anacheka kafunika mdomo kama mkwe mgeni.

Sasa tuje kwenye bahasha yako. Tangu mwaka jana nawaambia watu wa mtaa huu kwamba mdogo wangu yuko Amerika anasoma. Nilipoiona bahasha nene nikamwita jirani yangu Bi Mwanakombo, nikamwita na mke wa fundi baiskeli, nikatenga chai. Nikafungua. Picha ya kwanza, kibanda cha mbao kimeinama, bibi wa Kizungu pekupeku anafua kwenye beseni. Ya pili, watoto wa Kizungu, pekupeku, mmoja kakumbatia kuku. Ya tatu, mzee wa Kizungu, pekupeku naye, analima mahindi ubavuni mwa mlima. Ya nne wamemning'iniza nguruwe mtini. Bi Mwanakombo akasema astaghfirullah, akaigeuza juu chini, akaendelea na chai yake.

Leodegar, umepanda meli na kutapika bahari nzima ili ukatafute watu wasio na viatu? Hapa Temeke hukuwaona? Bi Mwanakombo kaniuliza kwa upole kama meli haikukosea njia. Halafu akalitazama tena lile beseni, akasema, "Kumbe na wao wanafua! Basi hawa wa kwetu Uzunguni wanaompelekea dobi hata leso ni uvivu tu."

Nilichokuomba mie ni picha yako wewe, na kwa nini wajua. Posa yako ya Jovina iko kwa baba yake, Mzee Gaudens, kule Kinondoni. Ukoo ule una desturi yao: siku ya kujibu posa, kiti cha mposaji hakikai kitupu. Mtu akiwa mbali, picha yake inawekwa kitini, na wazee wanaisemesha kama wanavyomsemesha mtu. Mzee anasubiri picha. Au nikamwekee bibi wa beseni?

Dada yako,
Demetria


Virginia ya Magharibi, 31 Oktoba 1955

Dada Demetria,

Shikamoo. Shikamoo na kwa Bi Mwanakombo, na umpe pole ya nguruwe. Mie mzima. Majani ya huku yamekuwa mekundu yote, halafu yanaanguka, wanasema ni kawaida. Chakula ni maharage, viazi na mkate wa mahindi. Nimevuka dunia kuja kula mahindi, na mama alikuwa ananipa bure.

Picha zile ni za zamani, dada, wala sikuzipiga mie. Bruda wa maktaba ya chuo kanipa kazi ya jioni. Kuna masanduku ya picha za watu wa jimbo hili, za miaka ishirini thelathini iliyopita: watu wanafua, wanalima, wanachimba makaa ya mawe, wanazika wazee wao. Mie napangusa vumbi na kutenga zilizoliwa na unyevu. Zilizo mbili mbili naruhusiwa kuchukua. Mlitaka kuiona Amerika, na hii ndiyo Amerika niliyopewa. Majumba marefu yapo, lakini yako mbali na hapa kama Temeke ilivyo mbali na Buckingham kwa Malkia.

Na yule mzee wa mlimani mtazame tena. Alivyouinamia mteremko, alivyopanga mistari ya mahindi isichukuliwe na mvua. Ukiacha rangi, si baba yule? Siku nilipoiona nilikaa chini kabisa. Nilikuwa sijaota nyumbani tangu nimefika, usiku ule nikaota.

Picha yangu itakuja. Kamera ya rafiki yangu imeharibika, nywele zinangoja kinyozi, na suti iko kwa dobi. Kwa sasa nakutumia hii ya watu weusi wa huku, mchimba makaa na familia yake siku ya Jumapili. Mwonyeshe Mzee Gaudens, ajue kwamba na sie tupo.

Mdogo wako mtiifu,
Leodegar


Temeke, 27 Novemba 1955

Baba wa watoto watatu,

Hongera sana. Mkeo mzuri, kofia imemkaa vyema. Watoto nao wamefuata sura yako, hasa yule mkubwa mwenye miaka kama kumi. Umeondoka mwaka jana tu, lakini maharage ya Amerika si mchezo, nimekubali.

Unashangaa? Ngoja. Barua yako ilifikia sanduku la ofisini kwa shemeji yako. Yeye, kwa ule upendo wake usio na akili, akahisi picha kwa vidole, akafikiri ndiyo hiyo tunayoisubiri. Akapanda basi mpaka Kinondoni. "Mzee, mkweo huyo!" Akaikabidhi bahasha kwa mikono miwili, haijafunguliwa, kama mtu anayetoa sadaka. Mzee Gaudens akavaa miwani, akafungua, akatazama. Akampa mkewe. Mkewe akasema, "Mama yangu!" Jovina akanyang'anya, akatazama, akasema, "Huyu si Leodegar." Baba yake akamjibu kwamba mwanamke aliyeachwa huwa haoni vizuri.

Nilikwenda kesho yake, barua yako nikaikuta huko nikaisoma yote. Nikasema, Mzee, hii ni picha ya zamani, huyu ni mchimba makaa. Akasema, "Mchimba makaa gani amevaa suti kumshinda bwana DC?" Nikasema ni Jumapili. Akasema hata yeye ana Jumapili na hana suti ile. Halafu akaniletea yule bibi wa beseni, maana nilikuwa nimemwachia zile za kwanza. "Na huyu ni mkewe wa pili?"

Neno lake la mwisho ni hili. Anataka picha ya studio. Si ya rafiki wala ya kamera ya kuazima, maana hata Kariakoo watu wana kamera. Anataka umekaa au umesimama, uso unaonekana, na chini pawe na muhuri wa studio na jina la mji. Iwe imefika kabla ya Pasaka. Isipofika, posa inarudi.

Mama hajui habari hizi. Kazi ndogo tu, Leodegar. Hapa kwetu hata mchuuzi wa samaki anakwenda kwa Mhindi, anaazima tai, anasimama mbele ya pazia lililochorwa ngazi na maua, anatoka bwana mkubwa. Wewe uliyeko Amerika unashindwa nini?

Demetria


Virginia ya Magharibi, 18 Desemba 1955

Dada,

Shikamoo, na heri ya Noeli. Watoto wapokee busu za baba yao, samahani, za mjomba wao, hii familia yangu mpya inanichanganya. Mwambie shemeji namshukuru kwa bidii yake. Wakipatikana makarani wawili kama yeye, serikali ya Mwingereza itaondoka yenyewe, bila mtu kuidai.

Theluji imeanguka. Ni nyeupe kweli, na ina baridi ambayo sina neno lake. Nakutumia picha yangu, mie mwenyewe, kaipiga mwenzangu wa bwenini kamera ilipopona. Najua Mzee anataka ya studio. Lakini siku hizi jua linazama mapema, studio inataka mwanga, na mie nina mitihani. Mpe hii kwanza, atulie.

Nimepata picha nyingine nzuri masandukuni, daraja la kamba juu ya mto, kina mama wanalivuka kwenda kanisani wamebeba viatu mkononi. Wanavivaa mlangoni. Kama kwetu kabisa! Nilicheka peke yangu.

Leodegar


Temeke, 14 Januari 1956

Leodegar,

Mwaka mpya umefika, mvua za vuli zimekwisha, mie nimepata kazi ya kufundisha kushona pale misheni, na wewe bado unanichezea.

Picha ya theluji nimeiona. Pana koti. Juu ya koti pana skafu, juu ya skafu pana kofia, na katikati pana matundu mawili. Bi Mwanakombo kasema ni mtu wa heshima sana, amejifunika kuliko yeye. Mzee Gaudens kaigeuza huku na huku, kaniuliza, "Demetria, hili ni jitu au ni mzigo?" Ndani ya lile koti anaweza kuwa yeyote, hata mie.

Sasa nakuuliza bila utani. Mara ya kwanza kamera mbovu. Mara nywele, mara suti, mara jua limezama. Mwanga wa Amerika hautoshi, na umeme wote ule mnaojisifia? Mwanamume mzima, tai unayo, suti aliyokununulia baba kabla hajafa unayo, mji una studio, maana uliniandikia mwenyewe tangu ulipofika kwamba umeiona karibu na posta. Unaficha nini? Umepofuka jicho? Umekatika sikio? Au kweli una mke?

Niambie, kwa sababu kuna jambo nimekuwa nikilimeza. Adelard, yule msaidizi wa wapima ardhi anayejenga nyumba ya bati kule Magomeni, amefika kwa Mzee Gaudens mara mbili. Amekuja mwenyewe kwa miguu yake, uso wazi, hana skafu. Jovina alitoka nje hakumsalimu, lakini baba yake alimsindikiza mpaka barabarani. Binti wa watu anashindana na wazee peke yake kila jioni, na silaha niliyompa ni mtu mwenye matundu mawili.

Demetria


Virginia ya Magharibi, 5 Februari 1956

Dada yangu,

Shikamoo. Habari nyingine zote ni njema, kwa hiyo naziruka.

Mji huu una studio moja. Dirishani pana picha za mabibi harusi na watoto wanono. Nilikwenda Septemba, hata hujaanza kunidai. Nilipiga pasi suti ya baba mwenyewe, haikuwa kwa dobi wala nini. Nikafunga tai ya bluu. Nikapiga mbinja njiani, dada, nilikuwa na raha, nikifikiri nitakavyomshtua Jovina.

Mwenye studio ni mtu mpole. Hakunitukana, na afadhali angenitukana. Alinikuta nimeshaingia ndani, akanishika kiwiko taratibu akanirudisha barazani, akasema anawapiga picha hata watu wa rangi yangu, hana ubaya. Ila ni siku ya Alhamisi, akishafunga, na niingilie mlango wa uani, ule wa kwenye mapipa ya takataka, wateja wake wasione. Nami nikamwambia asante sana. Hebu fikiri, nikamshukuru! Nilitembea mpaka chuoni nimeshika kofia mkononi, sijui kwa nini.

Bruda alitaka kwenda kunisemea. Nikakataa, sitaki kuombewa mlango. Na kwenu sikuandika, maana ni mie niliyewaambia Amerika watu ni ndugu. Kule Dar najua pa kusimama na pa kutosimama, nimejua tangu siku ya kwanza nilipoteremka kwenye lori. Lakini nilidhani mambo hayo ni ya Mwingereza, nikivuka bahari nimeyaacha kwake. Ndiyo maana nakaa na yale masanduku ya picha. Wale watu wa zamani wananitazama bila kuniambia nipite wapi.

Basi mzaha wote ulikuwa juu ya hilo. Nikipita uani nampata Jovina. Nisipopita, nabaki na ukaidi wangu na suti iliyopigwa pasi, na Adelard anampata Jovina. Nishauri, dada. Jovina usimwambie. Mama ndiyo kabisa.

Leodegar


Virginia ya Magharibi, 24 Februari 1956

Dada,

Shikamoo. Jibu lako sijalipata, na Pasaka hainisubiri. Nimepiga hesabu ya posta nikaona nikichelewa zaidi hata ndege haitafika.

Jana Alhamisi nimekwenda. Mapipa yapo kama alivyosema, na paka juu yake, naye ndiye aliyenipokea. Pazia lao wamelichora mlima, bustani na anga safi, kwa Mhindi ni pazuri zaidi. Akanikalisha, akaninyoosha kola, akawasha taa zake, mwanga umejaa tele. Akaniambia nitabasamu. Mengine yote nimempa, hilo sikumpa.

Picha hiyo hapo ndani. Muhuri uko chini, jina la mji linasomeka. Mpe Mzee. Mwambie Jovina suti ni ileile. Mengine tusiyaseme tena, mie na wewe.

Leodegar


Temeke, 26 Februari 1956

Mdogo wangu,

Barua yako ya tarehe tano nimeipata juzi. Kama hujaenda, usiende. Nimeandika hilo kwanza, ili ukifungua ulikute.

Ulinikataza nisimwambie Jovina. Nimemwambia. Mchana uleule nilipanda basi mpaka Kinondoni nikamkuta shuleni anasahihisha madaftari, nikampa asome mwenyewe. Akasoma mpaka mwisho, akarudia pale uliposhukuru. Akalia kwa hasira, kalamu nyekundu mkononi. Kisha kaniambia nikuandikie maneno haya, nami nayanakili kama yalivyo: "Mwambie asipite uani kwa ajili yangu. Kiti kikae kitupu. Kama baba anataka kurudisha posa, airudishe, lakini kwa Adelard hanipeleki mtu, nina miguu."

Na kweli jioni ile alimwambia Adelard ana kwa ana aache kuchakaza viatu vyake. Mzee kafoka, mama mtu kalia, Jovina kaenda kupika. Mie nimekucheka tangu Oktoba, Leodegar, ulivyokuwa unavihesabu visingizio vyako na mie navirudisha kimoja kimoja. Najisikia vibaya. Ungeniambia ningeshika ulimi, au ningejaribu.

Nakimbilia posta sasa hivi. Usiende.

Demetria


Temeke, 25 Machi 1956

Mdogo wangu mpenzi,

Leo ni Jumapili ya Matawi, wote wako kanisani, mie nimebaki niandike. Watoto wazima, shemeji yako mzima, mama anakusalimu.

Picha yako ilifika, na posa imejibiwa jana. Jibu ni ndiyo. Nilipoiona tarehe ya barua yako nikajua zetu zimepishana njiani. Nilitaka kuificha. Lakini shemeji yako aliiona kabla yangu, na safari hii alikuwa ameifungua, akampigia Mzee mbiu.

Ilikuwa hivi. Kiti kimewekwa sebuleni, kimetandikwa kitambaa cheupe, wewe juu yake. Wazee wamejaa mpaka barazani. Mzee Gaudens kasoma muhuri kwa sauti, jina la mji kalitamka anavyojua yeye. Wakakusifu. Tazama asivyocheka, wakasema, mtu mzito huyu, msomi, Amerika haikumlegeza. Kila mmoja akasogea akakusemesha, karibu mkwe, pole na baridi. Mzee akawa wa mwisho. Akasimama mbele yako na fimbo yake, akasema yale wanayosema siku zote kwa mkwe aliyeposa kwa heshima: "Kijana, tumekupenda, kwa sababu umekuja kwetu kwa mlango wa mbele. Hukupita uani kama wahuni."

Watu wakapiga makofi. Mie nikatazama sakafu.

Jovina alikuwa amekaa mkekani kajifunika khanga kama inavyotakiwa, hatakiwi kusema mpaka aulizwe. Akanyanyuka kabla hajaulizwa. Baba yake akamwambia, mbona haraka, jibu lako? Akasema, "Nakubali, baba. Na mmeshapata mlichokitaka." Akaichukua picha kitini mbele ya wazee wote. Mzee akasema iache, inatundikwa ukutani hiyo, nimeshapigilia msumari. Akamjibu haitundikwi. Wazee wakacheka, wakadhani ni wivu wa mchumba, anataka kukaa nayo peke yake. Bibi mmoja akapiga kigelegele.

Nilimfuata chumbani. Alikuwa ameifunika kwenye khanga ya zamani, anaisukumiza chini kabisa ya sanduku. Nikamwuliza unaitaka ya nini basi, si uichane. Akasema hawezi kuichana peke yake, mwenyewe ni wewe. Inakungoja urudi, na siku utakayorudi mtaichoma pamoja, jikoni, wewe na yeye, hakuna mwingine atakayeambiwa.

Nimekaa hapa tangu asubuhi nikitafuta neno la kukucheka nalo mwishoni, kwa mazoea. Sina. Maliza shule yao, Leodegar, uje nyumbani.

Dada yako,
Demetria